Majina, Mito na Makonde: Jiografia, Historia na Watu wa Mkoa wa Mae Hong Son, Kaskazini-Magharibi mwa Thailand

Ikisiri

Makala hii inaeleza jiografia, historia na watu wa Mae Hong Son, mkoa wa milimani unaopakana na Myanmar. Hoja kuu ni kwamba sifa ya "pembezoni" inayohusishwa na mkoa huu haikutokana na milima yenyewe. Ilijengwa hatua kwa hatua kuanzia karne ya 19, pale biashara ya mbao, uchoraji wa mipaka, sheria za misitu na sheria za uraia zilipoigeuza nchi ya mapito kuwa ukingo wa dola. Makala inaonesha pia kwamba istilahi za kiutawala zinazotumika kuwataja wakazi, kilimo chao na makazi yao zina uzito wa kisheria, na kwamba mtafiti anayeandika kwa Kiswahili hana budi kuzihakiki kabla ya kuzitafsiri.

1.0 Utangulizi

Mae Hong Son una ukubwa wa takribani kilometa za mraba 12,700 na wakazi wasiofikia 300,000. Hesabu hiyo inatoa wastani wa watu wapatao 22 tu kwa kila kilometa moja ya mraba, na kuufanya uwe mkoa wenye msongamano mdogo kabisa wa watu nchini Thailand. Una wilaya saba: Mueang Mae Hong Son, Pang Mapha, Pai, Khun Yuam, Mae La Noi, Mae Sariang na Sop Moei. Kwa miaka mingi umekuwa miongoni mwa mikoa maskini zaidi nchini humo kwa vipimo vya kipato.

Maelezo ya kawaida kuhusu hali hiyo hurejelea milima: barabara ni ngumu, mabonde ni membamba, na ardhi tambarare ni haba. Maelezo hayo si ya uongo, lakini hayajitoshelezi. Milima ilikuwapo kabla ya umaskini kupimwa, na kwa karne nyingi haikuwazuia watu, ng'ombe wa mizigo, tembo na magogo kupita. Swali linaloongoza makala hii, basi, ni hili: ni kwa njia zipi eneo lililokuwa njia ya kupita liligeuka kuwa mwisho wa njia?

Katika nadharia, mjadala huu unahusiana na dhana ya Zomia, iliyopendekezwa na Willem van Schendel mwaka 2002 na kupanuliwa na James C. Scott mwaka 2009. Scott anadai kwamba jamii nyingi za nyanda za juu za Asia ya Kusini-Mashariki zilichagua milima ili kuukwepa mkono wa dola. Dhana hiyo ina manufaa kwa kuwa inawaona watu wa milimani kama watendaji wa historia yao. Hata hivyo, historia ya Mae Hong Son inaonesha upande wa pili: hapa dola ilipanda mlimani, mara nyingi ikiwatumia watu wa milimani wenyewe kama wajumbe na watawala wake.

2.0 Umbo la nchi na mwelekeo wa maji

Kaskazini mwa mkoa kuna safu ya milima ya Daen Lao, na upande wa mashariki na kusini kuna safu ya Thanon Thong Chai. Katikati ya safu hizo kuna mabonde membamba yanayoelekea kwa sehemu kubwa kaskazini na kusini. Wilayani Pang Mapha milima ni ya mawe ya chokaa, na maji yamechimba humo mapango mengi. Katika pango la Tham Lot mto Lang hupita ndani kwa ndani na kutokea upande wa pili. Mvua za pepo za msimu hunyesha kuanzia Mei hadi Oktoba. Kisha huja majira ya baridi hadi Februari, na baadaye joto kali la Machi na Aprili.

Wakazi huuita mji wao "mji wa ukungu tatu": ukungu wa baridi, ukungu wa mvua, na ukungu wa moshi wa majira ya joto. Huu wa tatu umekuwa suala la afya ya umma na la siasa, kwa sababu moshi wa Februari hadi Aprili hujaa mabondeni na kukosa pa kutokea. Sehemu ya tano ya makala itarejea suala hili.

Jambo la kijiografia lenye uzito zaidi katika hoja yetu ni mwelekeo wa mito. Mito mikuu ya Thailand ya kati humiminika kusini, kuelekea Bangkok na Ghuba ya Thailand. Mito ya Mae Hong Son haifuati njia hiyo. Mto Pai huanzia kaskazini, hupita bonde la Pai na viunga vya mji mkuu wa mkoa, kisha huvuka mpaka na kuingia Myanmar kuungana na mto Salween. Mto Yuam hushuka kusini kupitia Khun Yuam na Mae Sariang, huungana na mto Moei, na baada ya hapo maji yake nayo huingia Salween huko Sop Moei. Salween, ambao kwa sehemu ndio mpaka wenyewe wa mataifa mawili, humwaga maji yake katika Bahari ya Andaman karibu na Mawlamyine, mji ulioitwa Moulmein zama za Waingereza.

Kwa maneno mengine, maji ya mkoa yanaelekea magharibi ilhali mamlaka yanayoutawala yako kusini-mashariki. Kabla ya barabara, bidhaa nzito zilifuata maji. Kwa hiyo soko la asili la mbao za Mae Hong Son lilikuwa Moulmein, wala si Bangkok. Barabara mbili zinazouunganisha mkoa na Chiang Mai leo, namba 1095 inayopita Pai na namba 108 inayopita Mae Sariang, zinakwenda kinyume na mwelekeo huo wa maji. Kona 1,864 ambazo mkoa hujitangaza nazo kwa watalii ni ushahidi wa kazi iliyohitajika ili kuugeuza uso wa nchi uelekee mashariki.

3.0 Historia

3.1 Ushahidi wa mapangoni

Mapango ya Pang Mapha yamehifadhi kumbukumbu ndefu ya makazi ya binadamu. Kuanzia mwaka 1966 mwanaakiolojia Chester Gorman alichimba katika pango lijulikanalo kimataifa kama Pango la Mizimu, na kupata zana za mawe za utamaduni wa Hoabinh pamoja na mabaki ya mimea kama vile mibuyu ya vyombo, matango, tambuu na pilipili. Awali mabaki hayo yalichukuliwa kuwa dalili ya kilimo cha mapema sana. Uhakiki uliofuata ulipunguza dai hilo, kwa kuwa mimea hiyo ingeweza kuwa ilichumwa porini. Baadaye Rasmi Shoocongdej aliongoza utafiti wa muda mrefu katika makazi ya chini ya miamba ya Tham Lod na Ban Rai, ambako yalipatikana mabaki ya binadamu ya takribani miaka 13,000 iliyopita.

Katika eneo hilohilo kuna majeneza yaliyochongwa kwa magogo ya msaji na kuwekwa ndani ya mapango, baadhi yakiwa juu ya nguzo. Majeneza hayo ni ya Zama za Chuma, kati ya takribani miaka 2,300 na 1,000 iliyopita. Kwa hoja yetu, jambo la msingi ni kwamba nchi hii haikuwa "tupu" kabla ya kufikiwa na falme. Maelezo ya kiutawala yanayoanza na kuwasili kwa watu wa Chiang Mai hufuta tabaka hilo refu.

3.2 Tembo, misaji na mpaka

Historia rasmi ya mji huanza mwaka 1831, mtawala wa Chiang Mai alipomtuma ndugu yake, Chao Kaeo Mueang Ma, kuikagua nchi ya magharibi na kukamata tembo wa porini. Msafara huo ulifika katika bonde la mto Pai na kuwakusanya Washan waliokuwa wakiishi huko katika kijiji cha Pang Mu. Mahali palipokuwa na kijito ambapo tembo walifunzwa paliitwa Mae Rong Son, yaani mto wa mfereji wa kufunzia, na jina hilo ndilo lililobadilika na kuwa Mae Hong Son. Hivyo jina la mkoa ni kumbukumbu ya kazi: tembo alikuwa chombo cha vita, cha hadhi na, muda si mrefu baadaye, cha kuburuta magogo.

Katikati ya karne ya 19 vita katika majimbo ya Shan, ng'ambo ya Salween, viliwasukuma watu wengi kuhamia upande wa mashariki. Mwaka 1874 Chiang Mai ilimteua Mshan mmoja, Chan Ka Le, kuwa mtawala wa mji kwa cheo cha Phaya Singhanat Racha. Yeye ndiye aliyejenga moja ya stupa mbili nyeupe zilizo kwenye kilima cha Doi Kong Mu juu ya mji. Nyingine ilikuwa imejengwa mwaka 1860. Alipofariki mwaka 1884, mkewe, Chao Nang Mia, alishika utawala hadi mwaka 1891. Uteuzi huu wa 1874 unafafanua namna dola ilivyofanya kazi mpakani: haikuleta mgeni kutoka bondeni, bali ilimpa cheo mtu aliyekuwa na watu, lugha na ujamaa katika pande zote mbili za mto.

Mwaka 1874 ulikuwa na tukio jingine. Siam na serikali ya Uingereza ya India zilitia saini mkataba kuhusu Chiang Mai, uliofuatiwa na mkataba wa pili mwaka 1883. Kiini cha mikataba yote miwili kilikuwa misaji. Wakataji wa mbao, wengi wao raia wa himaya ya Uingereza kutoka Burma, walikuwa wakigombana na watawala wa kaskazini kuhusu vibali vya msitu, kwani msitu mmoja uliweza kukodishwa kwa watu wawili. Mikataba ilileta mahakama za pamoja, na ubalozi mdogo wa Uingereza ukafunguliwa Chiang Mai mwaka 1884. Wakati huo magogo ya bonde la Salween yaliendelea kuelea hadi Moulmein.

Baada ya Uingereza kuitwaa Burma ya Juu mwaka 1886, swali la nani anamiliki ardhi ya mashariki ya Salween halikuweza kuachwa wazi tena. Thongchai Winichakul, katika kitabu chake *Siam Mapped* cha mwaka 1994, ameonesha kwamba watawala wa kanda hii awali hawakuuona mpaka kama mstari unaoendelea. Mji mmoja uliweza kutoa kodi ya heshima kwa wafalme wawili bila kuhesabiwa kuwa umeasi. Ramani ya kisasa haikuacha nafasi ya utiifu wa aina hiyo. Mwaka 1896 Siam ilianzisha Idara ya Misitu ya Kifalme chini ya Mwingereza H. A. Slade, aliyetoka katika utumishi wa misitu wa Burma. Mwaka 1900 miji ya Mae Hong Son, Khun Yuam, Yuam na Pai iliunganishwa kuwa eneo moja la kiutawala lililoitwa "Chiang Mai ya Magharibi", na mwaka 1910 eneo hilo likawa mkoa. Jina hilo la mpito lina maana kubwa, kwani kwa mara ya kwanza nchi hii ilitajwa kwa nafasi yake kuhusiana na makao makuu, badala ya kutajwa kwa mto au kazi yake.

3.3 Karne ya 20

Katika Vita vya Pili vya Dunia jeshi la Japani liliutumia mkoa huu kama njia ya kwenda Burma. Baada ya kushindwa huko Imphal mwaka 1944, askari wengi waliokuwa wagonjwa na wenye njaa walirudi kupitia Khun Yuam, ambako leo kuna jumba la makumbusho lenye vifaa walivyoviacha. Baada ya ushindi wa Wakomunisti nchini China mwaka 1949, mabaki ya majeshi ya Kuomintang yaliyoondoka Yunnan yalipitia Burma, na baadhi ya familia zao zikafanya makazi kaskazini mwa Thailand. Ban Rak Thai, kijiji cha wakulima wa chai karibu na mpaka, ni mojawapo ya makazi hayo. Matukio haya mawili yanathibitisha kwamba hata katika karne ya 20 milima iliendelea kuwa njia.

4.0 Watu na majina yao

Washan, ambao Wathai huwaita Tai Yai na ambao wenyewe hujiita Tai, ndio walioupa mji sura yake. Huishi zaidi mabondeni na hulima mpunga wa maji. Mahekalu ya Chong Kham na Chong Klang, yaliyo kando ya ziwa dogo katikati ya mji, yana paa za ngazi zinazofanana na za upande wa pili wa mpaka. Sherehe yao kuu ni Poi Sang Long, ifanyikayo Machi au Aprili wakati wa likizo ya shule. Wavulana huvishwa mavazi ya wana wa mfalme na kubebwa mabegani kwa siku kadhaa kabla ya kunyolewa na kuingia utawa kwa muda. Gharama hugawanywa baina ya jamaa na wafadhili, na hivyo sherehe hufunga udugu kati ya kaya zisizo na damu moja.

Wakaren, hasa wa makundi ya Sgaw na Pwo, ndio wengi zaidi milimani, na wako kwa wingi katika wilaya za kusini. Wapo wafuasi wa dini ya Buddha, Wakristo wa Kibaptisti na wa Kikatoliki, na wanaofuata mila za mababu. Wapo pia Walawa, wanaohesabiwa miongoni mwa wakazi wa zamani zaidi wa nyanda hizi, pamoja na Wahmong, Walahu, Walisu na Wapa-O.

Mwaka 1959 serikali ya Thailand iliunda kamati kuu ya kushughulikia *chao khao*, yaani "watu wa milimani". Tafsiri nyepesi ya Kiswahili ingekuwa "makabila ya milimani", lakini tafsiri hiyo inaficha mambo mawili. Kwanza, istilahi hiyo haikumhusu kila aishiye mlimani. Washan, kwa mfano, hawakuhesabiwa humo. Pili, ilizaliwa pamoja na orodha ya matatizo ambayo serikali ilikusudia kuyatatua: kasumba, ukataji wa misitu na usalama wa mpaka. Mtu aliitwa *chao khao* kwa sababu alikwisha kuonekana kuwa tatizo.

5.0 Msitu, konde na sheria

Zaidi ya asilimia 80 ya eneo la mkoa ni msitu, na sehemu kubwa yake iliwekwa chini ya Sheria ya Hifadhi za Taifa ya 1961 (iliyobadilishwa na sheria mpya mwaka 2019) au Sheria ya Misitu ya Akiba ya 1964. Matokeo yake ni kwamba vijiji vingi vilivyokuwapo kabla ya sheria hizo vimejikuta ndani ya ardhi ya serikali, navyo haviwezi kupata hati kamili za umiliki. Bila hati hakuna dhamana ya mkopo, na bila mkopo ni vigumu kupanda mazao ya kudumu. Hapa umaskini unaosemwa kuwa wa milima unaonekana kuwa, kwa sehemu, umaskini wa hati.

Mvutano mkubwa unahusu kilimo cha Wakaren na Walawa. Kaya husafisha konde katika msitu mchanga, ikiacha visiki vya miti ili vichipue tena. Majani na matawi yaliyokauka huchomwa mwishoni mwa majira ya joto, na mpunga wa nchi kavu hupandwa pamoja na maboga, pilipili na mbogamboga. Baada ya mavuno konde hupumzishwa, kwa kawaida kwa miaka saba hadi kumi, wakati kaya ikihamia makonde mengine yanayojulikana mipaka yake. Kijiji hakihami, kinachozunguka ni matumizi ya ardhi. Majivu hurutubisha udongo, mapumziko hurejesha miti, na makonde yaliyopumzishwa hutoa kuni, uyoga, dawa na malisho.

Lugha ya Kithai ina maneno mawili kwa shughuli hii. *Rai luean loi* ni shamba linaloelea ovyo, na neno hilo lina lawama ndani yake. *Rai mun wian* ni shamba la mzunguko, na ndilo linalotumiwa na wakulima na watetezi wao. Afisa anayetumia neno la kwanza anaona msitu unaoharibiwa. Anayetumia la pili anaona ratiba. Tarehe 3 Agosti 2010 Baraza la Mawaziri la Thailand lilipitisha azimio kuhusu kurejesha mfumo wa maisha wa Wakaren, lililotambua kilimo cha mzunguko. Hata hivyo, azimio la baraza halifuti sheria ya Bunge, na wakulima wameendelea kukabiliwa na hatari ya kushtakiwa. Ufupishaji wa mapumziko unaosababishwa na uhaba wa ardhi nao hupunguza rutuba, kisha upungufu huo hutajwa kuwa uthibitisho kwamba mfumo wenyewe haufai.

Suala la moshi limeongeza ukali wa mvutano huu. Kila mwaka konde la mzunguko huwekwa katika kapu moja na moto wa msituni, mashamba ya mahindi ya biashara na moshi unaovuka mpaka, ingawa vyanzo hivyo vinatofautiana kwa ukubwa, majira na nia. Marufuku ya jumla ya kuchoma humlemea zaidi mkulima ambaye siku za kuchoma konde lake ni chache na hazina mbadala.

Vitabu vyetu vya jiografia hutumia istilahi "kilimo cha kuhamahama" kwa mifumo yote ya aina hii. Istilahi hiyo iko karibu zaidi na *rai luean loi* kuliko *rai mun wian*. Makala inapendekeza "kilimo cha mzunguko wa makonde" pale ambapo kijiji ni cha kudumu na makonde hurudiwa kwa zamu.

6.0 Uraia na hifadhi

Tangazo Namba 337 la mwaka 1972 liliwanyima uraia watu wengi waliozaliwa Thailand kwa wazazi walioingia bila kibali au kwa kibali cha muda. Milimani, ambako vyeti vya kuzaliwa vilikuwa adimu, mzigo wa kuthibitisha ulimwangukia mkazi. Marekebisho ya Sheria ya Uraia ya mwaka 2008 yalifungua njia kwa walioathiriwa, na tarehe 29 Oktoba 2024 Baraza la Mawaziri liliidhinisha utaratibu wa haraka kwa takribani watu 483,000 nchini kote. Kwa mtu asiye na uraia, kituo cha ukaguzi barabarani ni mpaka wa pili: kusafiri nje ya eneo aliloandikishwa huhitaji kibali.

Mkoa una pia kambi nne kati ya tisa za wakimbizi kutoka Myanmar zilizopo Thailand: Ban Mai Nai Soi, Ban Mae Surin, Mae La Oon na Mae Ra Ma Luang. Thailand haijaridhia Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, na lugha rasmi huwaita wakazi wa kambi "watu waliokimbia mapigano", na kambi zenyewe "maeneo ya hifadhi ya muda". Kambi za kwanza za mpaka huu zilianza mwaka 1984. Wapo watu wazima waliozaliwa na kulelewa katika "muda" huo. Nyumba za mianzi na majani, zinazodaiwa kuwa za muda, huungua kwa urahisi: moto wa Machi 2013 huko Mae Surin uliua zaidi ya watu 30. Baada ya mapinduzi ya kijeshi ya Februari 2021 nchini Myanmar, mashambulizi ya anga yaliwafanya maelfu kuvuka Salween na kuingia wilaya ya Mae Sariang.

Hali ya Wakayan inaunganisha masuala yote haya. Wathai na Washan huwaita Padaung. Walikimbia mapigano ya jimbo la Kayah kuanzia miaka ya 1980, na baadhi yao wakawekwa katika vijiji ambavyo watalii hulipa kiingilio ili kuwatazama wanawake wenye pete za shaba shingoni. (Pete hizo hazirefushi shingo, hushusha mifupa ya mabega.) Mwaka 2008 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lililalamika kwamba Wakayan waliokwisha kukubaliwa kuhamia nchi ya tatu walikuwa wakinyimwa vibali vya kuondoka. Hoja iliyotolewa ni kwamba walikuwa wahamiaji wa kiuchumi wanaopata riziki kutokana na utalii. Mtu yuleyule, kwa jina moja ni mkimbizi mwenye haki ya kulindwa, na kwa jina jingine ni kivutio cha mkoa.

7.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba Mae Hong Son haukuzaliwa pembezoni. Mito yake iliufungulia njia ya Salween na bahari, na watawala wake wa kwanza walikuwa na ujamaa ng'ambo zote mbili. Mikataba ya misaji, mstari wa mpaka, hifadhi za misitu na daftari la uraia ndivyo vilivyoufanya uwe ukingo, na katika kila hatua kulikuwa na neno lililotangulia sheria au lililoifuata. Upungufu wa nadharia ya ukwepaji wa dola unaonekana hapa: wakazi wengi wa leo hawaikimbii dola, bali wanaiomba hati ya ardhi, kitambulisho na ruhusa ya kusafiri.

Kwa watafiti wa Kiswahili, kesi hii inadai uangalifu katika istilahi tatu hasa. "Kabila la milimani" litumike pale tu inapozungumziwa kategoria ya kiserikali. "Kilimo cha kuhamahama" kitofautishwe na kilimo cha mzunguko wa makonde. "Hifadhi ya muda" itajwe pamoja na idadi ya miaka ambayo muda huo umedumu.